Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

11 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Nilifika salama, ingawa miguu ilivimba kwenye basi mpaka nikashuka viatu mkononi kama bibi harusi aliyetoroka. Shule imefunguliwa. Jikoni nimekuta msaidizi wangu ameunguza sufuria kubwa ya uji hata imetoboka, na wanafunzi wameongezeka, wote wana njaa ya watu wazima. Mgongo unauma, lakini huo wa kila siku siuhesabu.

Mume wangu, huyo mjukuu, hajambo? Mwambie mkewe mkongwe anamsalimia, na asithubutu kuoa mwingine. Mwanangu je, amesharudi, au bado yuko barabarani na lori lake?

Najua ulishangaa nilipoondoka kabla ya siku tulizopanga. Nilisema nimeitwa kazini. Basi tuseme hivyo.

Kuna kitu kidogo nataka kukuuliza, wala usikifikirie sana. Ukimwita mtoto akiwa amekupa mgongo, anageuka? Mimi nilikuwa namwita, naye anaendelea na mambo yake kama mwenye ofisi. Nikadhani labda hajaizoea sauti yangu.

Nisalimie majirani wote, hata yule wa redio.

Mimi mama yako.


2 Machi

Mama, shikamoo.

Tumefurahi kusikia umefika. Pole kwa miguu, na pole kwa sufuria. Huku sote wazima. Baba yake mtoto alirudi, akalala kama gogo, akaondoka tena na mzigo wa saruji. Kazini tumepata oda ya sare za wauguzi, kola nyingi na mifuko mingi, tunashona mpaka macho yanawaka.

Mume wako hajambo. Anakula, na anapanda kila kinachopandika. Jana nilimkuta juu ya meza amevaa chujio kichwani, amenuna kama askari. Yule dada aliyekuwa anakaa naye ameolewa, kwa hiyo siku hizi nakwenda naye karakana. Msimamizi alikataa mwanzoni, lakini alipomwona akakubali mwenyewe. Ungemwona, mama. Namtandikia shuka chini ya meza ya kukatia vitambaa, cherehani zote zinanguruma, na yeye kalala usingizi mzito. Mafundi wenzangu wanasema kama wangehakikishiwa mtoto mtulivu namna hii, wangezaa kila mwaka.

Kusema bado hajaanza sawasawa. Watoto wa kiume huchelewa, ndivyo kila mtu anavyoniambia. Nadhani hata baba yake alichelewa, au sivyo?

Agosti anatimiza miaka mitatu. Nimeshaanza kuwaza keki.

Wako mtiifu, mkweo.


20 Machi

Mkwe wangu,

Nimekusalimu, na nimemsalimu mume wangu na chujio lake. Hapa hatujambo, ila maji yanakatika, tunaosha sahani kwa zamu.

Baba yake hakuchelewa. Katika umri huo alishamwita mwenye nyumba wetu kichwa maji, tena mbele ya wageni, mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi.

Hukunijibu nililokuuliza. Basi nitasema nililoliona.

Siku yangu ya mwisho kwenu nilikuwa naosha vyombo, wewe uko kazini, yule dada kaenda dukani. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni nyuma yangu, anapanga vizibo vya chupa. Mfuniko wa ile sufuria nzito uliniponyoka ukaanguka kwenye saruji ya jikoni karibu kabisa na kisogo chake. Paka alitoka mbio. Jirani aliuliza kupitia ukutani kama kuna aliyeumia. Mtoto hakupepesa hata jicho. Niliuokota, nikauangusha tena kwa makusudi. Akachukua kizibo kingine, akakiweka kwenye mstari wake.

Nilifunga mizigo asubuhi iliyofuata kwa sababu nisingeweza kukaa mezani nanyi nikilimeza jambo hilo pamoja na chakula.

Mpelekeni kwa daktari wa masikio. Nisamehe kwa kulisema.

Mama yako.


29 Mei

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi zilinizidi, na mtoto alikuwa na mafua. Sasa amepona. Tunakutakia afya njema ya mgongo.

Barua yako niliisoma. Mama, ulikaa nasi majuma machache. Mimi ndiye niliyemzaa, ndiye ninayemwogesha na kumvalisha, najua anachokipenda na anachokikataa. Mtoto akizama kwenye mchezo hata sisi wakubwa hatumpati. Sikuona vyema kusikia kwamba mwanangu aliangushiwa mifuniko kichwani ili apimwe, tena mimi sipo.

Nakuomba jambo moja kwa heshima zote. Usimwandikie mwanao habari hizi. Yuko barabarani, ana usukani mkononi, hastahili kubebeshwa mawazo.

Sherehe ya kuzaliwa itakuwa tarehe kumi na saba Agosti, baba yake ameahidi kuwepo. Unakaribishwa sana. Ila njoo ule keki, mama. Usije kumpima mtoto.

Mkweo.


9 Juni

Mkwe wangu,

Hujambo? Mimi niko. Mafua ya mtoto yamenipa wasiwasi, nashukuru yameisha.

Barua yako nimeirudia mara nyingi, jikoni, mpaka msaidizi akaniuliza kama kuna msiba. Nilikuwa natafuta mahali uliposema nimekosea. Sikupaona. Umesema ulichukia, na hiyo ni haki yako. Umesema nisimwambie mwanangu. Mtu hakatazi kusimuliwa jambo ambalo halipo.

Kwa hiyo unajua. Tangu lini, mwanangu?

Sijamwandikia, na sitamwandikia nyuma ya mgongo wako. Lakini akiniuliza mwenyewe, sitamdanganya.

Nijibu, hata kama ni kwa matusi.


4 Julai

Mama, shikamoo.

Leo salamu zangu ni fupi. Tuko wazima wa mwili.

Nilijua kabla hujaja kututembelea. Nilimpeleka kliniki kwa ajili ya kikohozi, na daktari, binti mdogo tu, akapiga makofi nyuma yake. Akapiga tena. Akaniangalia. Akatuelekeza hospitali kubwa, nako wakamvalisha vitu masikioni na kumpima mpaka akalala mapajani mwangu. Kisha wakaniambia kwamba hasikii, na kwamba haikuanza jana. Nilishukuru kama mtu aliyepewa maji. Nilirudi nyumbani nikapika. Baba yake alipouliza daktari kasemaje, nikasema ni kikohozi.

Unajua nilivyolelewa, mama. Upande wa baba yangu simjui hata mmoja. Siku mlipokuja kunichumbia, shangazi yenu mmoja aliuliza mbele ya watu, "Huyu ametoka kwenye damu gani?" Wakacheka, yakapita. Hayakunipita mimi. Nilijua siku nikisema mtoto hasikii, swali lile litarudi na safari hii hawatacheka.

Lakini sasa nalazimika kukueleza lililotokea juzi, kwa sababu nikilibeba peke yangu nitaanguka nalo.

Baba yake alikuwa analirudisha lori nyuma atoke uani. Mtoto aliponyoka mlangoni. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu, anaokota kokoto. Honi ilikuwa inalia, mama, ile honi inayofanya mbwa wa mtaa mzima wabweke. Mimi niko dirishani na nguo mbichi mikononi, napiga kelele, nani atanisikia kwenye honi ile? Mwenye redio ndiye aliyeruka ukuta akaupiga mlango wa lori kwa ngumi mpaka likasimama. Gurudumu lilikuwa limeshagusa kandambili yake.

Baba yake alishuka. Akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, akamchapa. Alimchapa kwa woga, nimeona uso wake, lakini alimchapa sana. Alikuwa anarudia kumwambia, "Unaitwa husikii! Unaitwa husikii!" Na mtoto anamtazama mdomo, hajui kosa lake.

Mimi nilisimama pale, neno liko kwenye ulimi, nikalimeza. Nikasema tu, yatosha. Usiku wote ule sikuweza kumtazama yeyote kati yao.

Nitamwambiaje sasa kwamba nilikuwa najua? Siku ya kuzaliwa inakaribia, ameshanunua baluni. Mama, njoo. Nakuomba uje.


21 Julai

Mwanangu,

Sitaanza na salamu za miguu wala za mgongo. Namshukuru huyo mwenye redio. Nilimsema vibaya sana nilipokuwa huko kwa kelele zake.

Sikiliza. Mimi nina kaka. Mumeo hamjui, kwa maana hajawahi kuambiwa kwamba ana mjomba. Ni fundi wa makochi, anaishi kwenye nyumba ya wazazi wetu, na tangu kuzaliwa hajasikia sauti ya kitu chochote. Mtaani wanamwita Bubu. Nyumbani tulizungumza naye kwa mikono tangu nikiwa mtoto, na nakuambia kweli, hakuna mwanamume niliyewahi kupiga naye soga kama yeye. Akisimulia jirani alivyoanguka kutoka kwenye ngazi, unamwona jirani, unaiona na ngazi.

Wazee walipokuja kunichumbia, wazazi wangu walimpeleka kwa rafiki yao mpaka wageni wakaondoka. Baadaye baba mkwe wako aliijua habari yake, tukakubaliana isitoke nje. Mimi nimekuwa nikienda kumwona kila mwaka, nikisema nakwenda kutazama nyumba.

Kwa hiyo wakikuuliza mtoto ametoka kwenye damu gani, waambie ametoka kwenye yangu. Sema jina langu. Usiogope.

Mkuu wa shule amekataa kunipa ruhusa kwa sababu ya mitihani. Nisikufiche, hata angenipa, sijui kama ningethubutu kukaa mbele ya mwanangu. Lakini kaka yangu anakuja. Nimemweleza yote, akafunga karakana yake. Atakuwa na picha yetu ya zamani mfukoni, na karatasi yenye anwani yenu. Atafika asubuhi ya sherehe.

Mwambie mumeo kabla hajafika. Tafadhali.


24 Agosti

Mama, shikamoo.

Sikumwambia.

Kila siku nilisema kesho. Alirudi usiku wa kuamkia sherehe, amechoka, amemletea mtoto kigari cha bati, na furaha aliyokuwa nayo nikashindwa kuigusa. Asubuhi akawa anapuliza baluni mwenyewe, mashavu yamevimba, mtoto anacheka kwa kuona mashavu.

Mjomba alifika wakati napaka keki sukari. Amevaa koti lililopigwa pasi, ana begi dogo na mto mpya aliomshonea mtoto. Mume wangu alifungua mlango, akamkaribisha, akamuuliza anamtafuta nani. Mjomba akatabasamu. Mume wangu akamuuliza tena, kwa sauti zaidi. Akanigeukia, "Huyu mzee mbona haitiki?" Alipolitamka neno hilo alisimama kidogo, kama mtu aliyejikwaa. Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Mjomba akatoa picha. Wewe ni msichana, una nywele zilizosukwa mikia miwili, na yeye amekushika bega. Mume wangu akaitazama kwa muda mrefu. Kisha mjomba akajionyesha yeye, akakuonyesha wewe kwenye picha, akaligusa sikio lake na kutikisa kichwa. Halafu akamwona mtoto kwenye zulia. Hakuulizwa, hakuambiwa. Alichuchumaa, akaupiga ubao wa sakafu ya sebule kwa kiganja, taratibu. Mtoto akageuka.

Mama, aligeuka. Baba yake aliona. Mimi ninasema nilimzaa, na sikuwahi kufikiria sakafu.

Wageni walikuwa bado hawajafika. Nikasema pale pale, kisu cha keki mkononi, kwamba mtoto hasikii na kwamba nilijua tangu mwaka jana. Akauliza kitu kimoja tu, sauti ndogo. "Siku ile ya lori ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Akatoka. Lori likawaka, likaondoka. Wageni walikuja, nikawaambia ameitwa kazini, wakala keki wakaisifu. Mtoto alikataa kukaa na mjomba mchana wote, hata akamng'ata mkono, mpaka jioni alipokubali kupanda begani. Mjomba bado yuko hapa. Analala sebuleni, ameshatengeneza kochi letu lililolegea, na kila asubuhi yeye na mtoto wanakaa kwenye ngazi wanazungumza kwa mikono. Mimi najifunza nikiwa nyuma yao, vidole vyangu vizito kama vya mgeni.

Lakini sijui mume wangu yuko wapi. Kampuni wanasema hana mzigo. Mama, kama unajua, niambie.


30 Agosti

Mkwe wangu,

Tulia. Yuko kwangu.

Alikuja akaegesha lori mbele ya geti la shule, walimu wakadhani nimeagiza kuni. Aliingia jikoni, akakaa juu ya gunia la maharage. Nilimpa chai, hakuinywa. Nikaendelea kupika, maana wanafunzi hawajui mambo yetu.

Kisha akaniuliza kwa nini amekua bila kujua kwamba ana mjomba. Nilimwambia ukweli wote, na haukuwa mtamu mdomoni. Alinikasirikia, akaniambia maneno ambayo sitayaandika. Niliyapokea. Alisema sisi wanawake wawili tumemfanya mgeni ndani ya nyumba yake.

Lakini nikwambie kinachomwuma. Si wewe, wala si mimi. Ni mkono wake. Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akasema, "Nilimchapa kwa sababu hakunisikia, mama." Akalia pale kwenye gunia, mwanamume mzima. Msaidizi wangu akajifanya anatafuta chumvi.

Sijamtetea mtu yeyote. Nimemwambia arudi nyumbani, na kama ana ugomvi akagombane nawe huko huko, mkitazamana. Leo asubuhi nimeona anakagua matairi.

Mpe kaka yangu chai nyingi. Hatakuomba.


12 Oktoba

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huku sote wazima, na mwenye redio anakusalimia. Nimempelekea keki, sasa anafungulia redio kwa sauti ya juu zaidi, nadhani ndiyo shukrani yake.

Mume wangu alirudi, kama unavyojua. Tuligombana kweli. Tumegombana majuma mengi, mama, mengine kwa kelele na mengine kwa kunyamaziana, na kunyamaziana ndiko kulikokuwa kubaya. Siku moja alisema hajui ataniamini vipi tena. Nikamwambia sijui pia. Bado hatujamaliza, ila siku hizi anakula mezani.

Mtoto ameandikishwa darasa la watoto wasiosikia, ataanza mwakani. Mjomba ameondoka juma lililopita, wateja wake walikuwa wanalalamika. Kituoni mtoto alilia mpaka akatapika kwenye koti la mjomba lile la pasi.

Kabla ya kuondoka mjomba alinieleza kwa mikono kwamba wasiosikia kila mtu humpa jina la mkono, na kwamba jina halichaguliwi na mwenyewe, anapewa na wanaomtazama. Akaniambia mtoto ameshanipa langu, mimi sijaliona. Nikawa namwangalia. Jumanne nilikuwa napiga pasi, nimempa mgongo, nikahisi sakafu inapigwa. Nikageuka. Amesimama pale, ananitazama, anajigusa kolani kwa vidole viwili, tena na tena, kama anayechomeka kitu. Nilikaa kidogo kabla sijaelewa. Ni pini, mama. Nikiwa kazini nachomeka pini zangu kolani, hapo hapo. Ndiyo mimi.

Amefikisha miaka mitatu na hakuwahi kuniita. Nilimwacha aniite mara nyingi kabla sijakwenda kumbeba, na nguo iliungua.

Nilimwonyesha baba yake aliporudi. Akatazama, akacheka, halafu kicheko kikamwisha. Akauliza yeye anaitwaje. Nilitaka kumtungia kitu, usukani au honi, nikaona tumeshadanganyana vya kutosha. Nikamwambia, "Wewe bado hajakuita."

Alisimama mlangoni na funguo za lori mkononi. Kulikuwa na mzigo wa kupeleka mbali, wa juma zima. Akaenda nje, nikamsikia anaongea na tingo wake, msaidizi wake wa garini, kisha lori likaondoka, na nikasema moyoni, haya, amekwenda.

Nilipotoka jikoni nilimkuta ameketi sakafuni, kavua viatu, amekaa mbele ya mtoto mahali anapoweza kuonekana vizuri. Tingo ndiye aliyeondoka na lori. Mtoto alikuwa anapanga vizibo vyake na hakumjali. Yeye hakumharakisha. Alikaa tu pale, mikono imefunguka magotini, anasubiri kutazamwa.

Mkweo.